Sahani ya Zafarani

Mtu wa Mchukwi akikwambia kwamba bibi yetu, Bi Mwamvua, akili zimemtoka, mwulize kaambiwa na nani. Atakujibu bila haya: "Si kasema mjukuu wake mwenyewe, mbele ya wakubwa wa chuo kikuu." Na hilo ni kweli, alisema. Nilikuwapo siku hiyo, nimekaa karibu naye kiasi cha kuweza kumfinya, na laiti ningemfinya.

Huyo mjukuu ni dada yangu, Yasmin. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Delta, mto wetu unapoingia baharini, kwenye kisiwa ambacho ukitaka kukifikia unakwenda Nyamisati, unapanda boti, halafu unaomba Mungu maji yawe yamejaa. Yasipojaa, mtakwama kwenye tope katikati ya mikoko mkitazamana. Mie naitwa Mwamini, fundi cherehani hapa hapa Mchukwi, kando ya barabara kuu. Niliishia darasa la saba na wala sina kinyongo, ila watu waliosoma sana hunichosha. Wazazi wetu walitangulia mapema, na aliyetulea ni Bibi.

Bibi naye ni mwalimu, tena wa siku nyingi kuliko hao wote. Barazani kwake, kila siku baada ya alasiri, watoto wa mtaa walikuwa wakikaa mkekani na juzuu zao, yeye yuko kwenye kigoda na bakora mkononi. Bakora yenyewe haijapata kumgusa mtoto. Alikuwa akipiga nayo mkeka, na mtoto aliyekosea anaruka kana kwamba kapigwa yeye. Karibu kila mtu hapa anayejua kusoma aya kaanzia kwake: sisi, mama za watoto wa leo, hata imamu wetu, ambaye Bibi humkumbusha mbele za watu kwamba alikuwa akilia kila akiambiwa arudie.

Yasmin alipoanza kusomea shahada ya ualimu kwa masafa, Bibi alikuwa wa kwanza kumcheka.

"Chuo gani hicho, mwalimu humjui sura, na wewe ukisinzia yeye hana habari?"

Yasmin akamweleza. Mihadhara hurekodiwa, vitabu vimo ndani ya kompyuta, kazi unaituma kwa mtandao, na ukiwa na swali unaliandika, mwalimu atakujibu akipata nafasi.

"Akipata nafasi!" Bibi akaguna.

Lakini kuguna kwenyewe hakukudumu, maana aliona jinsi mjukuu wake anavyohangaika. Kule kisiwani, shuleni mtandao hakuna. Unapatikana gatini tu, tena ukisimama upande mmoja. Kwa hiyo Yasmin akimaliza kufundisha alikuwa anashuka gatini na simu yake, anapakua mihadhara huku mbu wanamla miguu, na wavuvi wanamtania kwamba Mwalimu anasubiri mchumba asiyekuja. Kompyuta yake akisafiri nayo kwenye boti aliifunga nailoni juu ya nailoni na kuipakata kama mtoto mchanga. Siku moja wimbi liliwamwagia maji, yeye akalowa mpaka kichwani, kompyuta haikuingia tone. Wengi alioanza nao waliacha. Mie ningeacha wiki ya kwanza.

Akija likizo, Bibi alikuwa anamkalisha barazani na kumwambia afungue hiyo mihadhara wasikilize wote. Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alisikiliza mpaka mwisho na kutoa hukumu yake. "Huyu anakimbia mno, wanafunzi hawamfuati." "Huyu kachoka, akalale." Kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani ambaye Bibi alimpenda sana. Sauti yake ikianza tu, Bibi alituambia tunyamaze. "Huyu ndiye mwalimu. Sikilizeni anavyotulia." Tulicheka sana siku hizo. Nikizikumbuka naumia.

"Na wewe, mke mwenzangu," Bibi alikuwa akimwambia Yasmin, "ukipata hiyo shahada usije ukanisahau."

Mke mwenza ni utani wetu wa nyumbani. Babu yetu, Mzee Seleman, alipokuwa hai alimwita Yasmin mke wake mdogo, kama mababu wote wanavyowatania wajukuu wa kike, na Bibi akajifanya ana wivu. Alikuwa akimfukuza jikoni, ati mume wangu humpikii wewe. Babu kafa siku nyingi, utani ukabaki. Mie Babu hakunifanya mke, alisema nina mdomo.

Ukaja mtihani wa mwisho kabisa. Zamani mitihani hiyo walikuwa wanakwenda kuifanyia kituoni, wanakaa darasani kama watu. Safari hii chuo kilileta utaratibu mpya: kila mtu afanye hapo alipo, kwenye kompyuta, huku kamera inamtazama na msimamizi huko aliko anaona kila kitu. Masharti yalikuwa mengi. Chumbani uwe peke yako. Mezani pasiwe na karatasi wala kitu chochote chenye maandishi. Usizungumze, usiinuke, mtu asiingie. Yasmin akaomba ruhusa kazini, akaja kuufanyia kwa Bibi, kwa sababu Mchukwi mtandao uko vizuri.

Alijiandaa mpaka nikamwonea huruma. Chumba cha mbele alikitoa kalenda na picha zote ukutani, zisije zikahesabiwa maandishi. Akamwomba jirani mwenye mashine ya kukoboa asiiwashe asubuhi hiyo. Mie nikawekwa mlangoni kuzuia watoto, kuku na wageni. Bibi hakuna aliyemtaja. Nani amzuie Bibi nyumbani kwake? Hata leo sitamzuia.

Sasa Bibi naye alikuwa na maandalizi yake. Kwetu, mtu akiwa na jambo kubwa mbele yake, mtihani, safari, kujifungua, mkubwa wake humwandikia kombe. Anachukua sahani nyeupe, anakoroga zafarani, anaandika aya kwa kijiti kilichochongwa, anaziacha zikauke, halafu anazisuuza kwa marashi ya waridi na kukupa unywe. Bibi ametuandikia kombe tangu tukiwa wadogo. Mie nilikunywa la darasa la saba nikafeli vilevile, na nilipolalamika Bibi akasema kombe halimsomei mtu.

Kombe lake lilikuwa na sharti moja: ulinywe kabla hujashika kalamu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Yasmin aliamka na wasiwasi, akaswali, akaenda moja kwa moja mbele ya kompyuta kuijaribu kamera, kombe akalisahau kabisa. Bibi alikuwa bado anangoja zafarani ikauke. Ilipokauka akaja, sahani mkono mmoja, chupa ya marashi mkono wa pili, akasogeza pazia kidogo akachungulia. Akamwona mjukuu wake amekaa wima, mikono mapajani, macho kwenye kioo. Hana kalamu, hana karatasi. Kwa Bibi, aliyesomesha maisha yake yote, huo haukuwa mtihani bado.

"Hajaanza," akaniambia kwa sauti ya chini, akanipita.

Ulikuwa umeanza zamani. Yasmin alikuwa anasoma swali.

Niliona yote kwenye upenyo wa pazia. Bibi alisimama kando yake, akamsogezea sahani usoni aione ile bismillahi ya juu, kama tulivyozoea, kabla ya kuisuuza. Yasmin alishtuka, lakini hakutoa sauti kwa kuwa masharti yanakataza. Angefanya nini? Amsukume Bibi? Azimwage aya chini? Aliitazama sahani, Bibi akamimina marashi, akazungusha, zafarani ikayeyuka, na Yasmin akanywa yote harakaharaka akamrudishia. Bibi akampapasa kichwa, akatoka anatabasamu.

"Sasa na aanze," akaniambia.

Matokeo ya wenzake yalipotoka, ya Yasmin hayakuwamo. Ukaja ujumbe wa chuo kwamba yake yamezuiwa. Anatuhumiwa kuletewa chumbani kitu chenye maandishi wakati wa mtihani, kukisoma, kisha kuyanywa maandishi hayo ili kuharibu ushahidi, na ataitwa kwenye kikao cha mtandaoni ajieleze. Aliponisomea niliangua kicheko.

"Mwamini, hili si la kucheka. Wakinitia hatiani nafukuzwa chuo, na mwajiri anaarifiwa. Mwalimu aliyeiba mtihani atasimama vipi mbele ya watoto?"

Hapo nikaelewa. Miaka yote ile ya gatini na mbu na nailoni ilikuwa inakwenda na maji, na kazi inaifuata nyuma.

Aliyetuletea ushauri ni Mwalimu Mudrick, anayefundisha Mahege, aliyekuwa amekwisha kuhitimu masomo hayohayo kwa masafa. Ni mtu mwema na simlaumu sana, ila nikimwona sokoni napita upande mwingine. Walikaa uani na Yasmin, mie napiga pasi pembeni.

"Nitawaeleza ukweli," Yasmin akasema. "Ni kombe. Ni dua tu."

"Utaanzia wapi?" Mudrick akamwuliza. "Wale wana swali moja tu: maandishi yalikuwapo, hayakuwapo? Ukisema yalikuwapo, umekiri. Aya au majibu, kwao yote maandishi. Na atatokea mmoja aseme ni uganga, mwalimu mzima kanywa uganga kwenye mtihani. Watakucheka, halafu watakufukuza."

"Sasa nisemeje?"

Mudrick alichora chini kwa ncha ya kiatu. "Bibi ni mtu mzima. Sema umri umekwenda, akili zimechoka, huwa anaingia vyumbani na vyombo. Sahani ilikuwa na maua yake tu. Nani atamhukumu mgonjwa?"

"Bibi si mgonjwa," nikasema.

"Najua, dada yangu. Hayo ni maneno ya kikao tu, yataishia humohumo kwenye kompyuta."

Yasmin hakusema ndiyo wala hapana. Mie nikadhani amekataa, kwa sababu mie ningekataa.

Bibi alipoambiwa kwamba sahani yake ndiyo iliyoleta matatizo, alisikitika, lakini hakukata tamaa hata kidogo. Kuna furaha ilimwingia, ati atapata kuzungumza na walimu ambao siku zote alikuwa anawasikia sauti tu. "Nitawajibu mie mwenyewe, mwalimu kwa mwalimu," akasema. "Kosa langu. Sikujua siku hizi mtihani hauna kalamu. Nitawaandikia na sahani nyingine waione kwa macho yao." Nilimsikia uani anajizoeza atakavyoanza, kwa salamu, kwa kuwashukuru kumsomesha mjukuu wake, kisha kuomba radhi. Alikuwa anabadilisha maneno, anarudi mwanzo, anachagua mazuri zaidi.

Kikao kilipangwa jioni, wakati wa chuo cha watoto. Bibi hakutaka kuwakosesha somo, akawakalisha barazani na kuwaambia wadurusu wenyewe kimyakimya, leo ana shughuli na chuo kikuu. Alikuwa amevaa kanga mpya iliyolala sandukuni tangu Iddi, amejifukiza udi, na sahani aliyoiandika upya ameipakata, imefunikwa kitambaa cheupe. Tukakaa kitandani yeye na mie, Yasmin yuko mezani mbele ya kompyuta.

Wakatokea wakubwa wa chuo, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani. Aliposema "Habari za jioni," Bibi akanishika goti.

"Ndiye yule," akaninong'oneza. "Yule anayetulia."

Wakaionyesha ile picha ya kamera. Ukiitazama hivyo, hujui mbele wala nyuma, hata mie ningesema huyu ni mwizi wa mtihani. Mkono wa kizee unaingia, sahani ina maandishi, binti anaitazama, maji, anakunywa, kwisha. Picha yenyewe ilikuwa ya ukungu, maana sahani ilikuwa imeinamishwa na mwanga wa dirisha umeipiga.

"Bi Yasmin," mwenyekiti akauliza, "kwenye sahani hii kulikuwa na maandishi?"

Dada aliikazia macho kompyuta, wala hakumgeukia Bibi. Hapo ndipo nilipojua kwamba ushauri wa Mudrick ameuchukua.

"Hapana," akasema. "Ni maua ya sahani."

"Na huyu aliyeingia ni nani?"

"Ni bibi yangu. Umri umekwenda, mheshimiwa. Akili zake haziko sawa. Huwa anaingia na vyombo, hajui afanyalo. Nilikunywa ili atoke."

Mkono wa Bibi uliokuwa unanyoosha kile kitambaa ukasimama. Nje watoto walikuwa kimya, kama alivyowaagiza. Dirisha lilikuwa wazi.

"Pole sana," mwenyekiti akasema. "Yupo hapo? Tunaweza kumwona?"

Yasmin akaigeuza kompyuta taratibu. Nikasema moyoni, sasa Bibi atanena, dada ataumbuka, na pengine ndiyo heri. Bibi hajapata kuunyamazia uongo. Aliwahi kumrudisha njiani mwuza samaki aliyeapa kwa uongo, akamwapisha upya.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitika. Alikuwa anamtazama Yasmin, anavyomtazama mtoto aliyekwama katikati ya aya, akipima kama ampe neno au amwache. Yasmin naye safari hii alimtazama. Halafu Bibi akainamisha kidevu, akaulegeza mdomo, mabega yakashuka, na nikamwona bibi yangu anazeeka mbele ya macho yangu.

"Bibi, unamjua huyu binti aliye karibu nawe?"

"Huyu mke mwenzangu," Bibi akasema.

Mmoja wao akainama akaandika kitu.

"Mke mwenza?"

"Eeh. Mume wetu kaenda bondeni kuamia ndege, wanaumaliza mpunga. Akirudi mwambieni uji upo jikoni."

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema naye ana mama yake nyumbani wa hivyohivyo, anajua uzito wake, akampa Yasmin pole ya kweli kabisa ya mwanamke kwa mwanamke. Akasema kikao kimeridhika na matokeo yatafunguliwa. Kisha akamuaga Bibi kwa sauti ya juu, polepole, namna watu wanavyosema na kiziwi. Bibi akampungia mkono kama mtoto mdogo.

Kompyuta ilipofungwa, Bibi akanyoosha mgongo.

"Wameridhika?" akauliza, kwa sauti yake ileile ya siku zote.

"Wameridhika, Bibi." Yasmin akateremka chini, akaishika miguu yake, akalia. "Nisamehe, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Usilie, watoto wako nje."

Akainuka, akaichukua sahani yake ambayo hakuna aliyeiona, akaenda uani akaisuuza na kumwaga maji kwenye shina la mnazi, mahali pasipokanyagwa na mtu. Akaifuta, akairudisha kabatini, akaenda barazani kusomesha. Siku ile watoto walisoma bila utani wowote, wanamchungulia juu ya juzuu zao.

Maneno ya kikao hayakuishia kwenye kompyuta. Watoto waliyafikisha makwao kabla mboga hazijaiva. Na watu wa hapa wastaarabu sana, hakuna aliyekuja kuuliza. Mtoto wa huyu akawa anaumwa. Wa yule kapelekwa kwa shangazi yake Mkongo. Wa mwingine ana tuisheni jioni. Mama Talib ndiye pekee aliyenieleza ukweli, alipokuja kuchukua gauni lake dukani kwangu.

"Mwamini, sisi Bi Mwamvua hatumdharau, katusomesha sote. Lakini mtoto akishikishwa herufi vibaya ndiyo kaharibika. Na kasema mwenyewe anayemjua."

"Ule uongo," nikamwambia. "Kausema kuokoa mtihani wake."

Akanishika mkono. "Najua inauma, mdogo wangu. Na sisi mama yetu alipougua tulikuwa tunakataa hivyohivyo."

Nilimpa gauni lake. Mkeka ukawa unapungua, mpaka ikafika jioni Bibi anautandika, anakaa kigodani, anasubiri, halafu anaukunja haujakaliwa.

Shahada ilitoka. Yasmin alikwenda mahafalini, akavaa joho, akapigwa picha, akaileta nyumbani imewekwa kwenye fremu. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hongera, Mwalimu," akasema.

Hivyo ndivyo anavyomwita tangu siku ya kikao. Mke mwenza haijarudi tena. Hana chuki naye. Anamwekea chakula, anamwombea kila swala, boti yake ikichelewa anahangaika. Lakini ule utani aliutoa siku ile kwa ajili ya watu wa kwenye visanduku, na baada ya hapo haujatoka mdomoni mwake. Yasmin aliniambia kwamba angepigwa ile bakora mgongoni angepona haraka zaidi.

Nilimwambia aende akaseme ukweli, na alikwenda. Alipita nyumba kwa nyumba, anawaambia Bibi ni mzima, yeye Yasmin ndiye aliyedanganya. Wakamkaribisha, wakamsikiliza, wakamsifu kwa moyo wake wa huruma. Imamu ndiye aliyemwamini. Akamwambia kama ni hivyo asimame hadharani, atampa nafasi baada ya swala, watu wote wasikie. Yasmin alirudi nyumbani akajilaza bila kula. Kusimama hadharani ni kukiri kwamba alikidanganya chuo, na siku hizi kila mtu ana simu, neno likisemwa Mchukwi asubuhi jioni liko Dar es Salaam. Shahada ingetenguliwa. Aliamka amekata shauri aseme hivyohivyo. Bibi akamkataza.

"Hiyo shahada nami nimeilipia," akamwambia. "Ukiitupa, mie nitakuwa nimepata nini?"

Hilo ndilo lililomfunga mdomo dada yangu, na nadhani litaufunga mpaka kufa kwake. Ninamkasirikia, ninamhurumia, siku nyingine yote kwa wakati mmoja, na cherehani huwa inakwenda vibaya siku hizo. Chuo kile nacho nakikasirikia, na kamera yake iliyoona kila kitu isielewe hata kimoja. Lakini waliokuwamo chumbani tulikuwa sisi.

Likizo hii Yasmin kaja tena. Jana baada ya alasiri aliutandika mkeka mwenyewe, akavua viatu, akakaa na juzuu mapajani, mtu mzima na shahada yake, kama alivyokaa akiwa na meno ya utotoni. Bibi alisimama mlangoni anamwangalia. Halafu akaenda kuichukua bakora nyuma ya mlango, akakaa kigodani.

Mie nilikuwa nimetoa cherehani upenuni, nashona. Yasmin akaanza kusoma. Njiani akapita Mama Talib na mwanawe, wanakwenda kwa mwalimu mwingine huko juu. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mungu akulipe, Mwalimu Yasmin," akasema. "Si kila mjukuu anayejua kumliwaza mgonjwa."

Yasmin aliinua uso, akafumbua mdomo amjibu. Bakora ikapiga mkeka.

"Umeruka neno," Bibi akasema. "Rudia, Mwalimu."

Na kweli alikuwa ameliruka, hata mie nililisikia. Yasmin akarudi mwanzo wa aya, akalitamka sawasawa, machozi yanadondokea juzuu. Mama Talib alikuwa keshafika kona, hakusikia.